Kingamwili Katika Maabara: Kisa cha Protini p53

Seli moja ya mwili wa binadamu, ambayo haionekani kwa macho matupu, ina aina za protini zinazokadiriwa kufikia 10,000 kwa wakati mmoja. Nyingine zimo kwa mamilioni, nyingine kwa mamia machache tu. Zote zimeundwa kwa asidi amino zile zile 20, na nyingi zikiyeyushwa katika maji hazina rangi wala harufu ya kuzitofautisha. Mtaalamu anayetaka kujua kama protini fulani inayoshukiwa kuhusika na saratani imo ndani ya seli hiyo au haimo, ni nyingi au ni chache, iko ndani ya kiini au nje yake, hana budi apate kitu kitakachoigusa protini hiyo na kuziacha nyingine zote. Kitu cha namna hiyo hakikubuniwa na binadamu. Kimo katika damu ya mamalia wote, nacho huitwa kingamwili.

Kingamwili ni nini?

Mwanafunzi wa biolojia anajua kwamba bakteria au virusi vinapoingia mwilini, seli nyeupe za damu za aina ya limfosaiti B hutengeneza protini za kuvikabili. Protini hizo ndizo kingamwili, na kitu kinachochochea zitengenezwe huitwa antijeni. Umbo la kingamwili ya kundi la IgG ni kama la manati: mpini mmoja na panda mbili. Imeundwa kwa minyororo minne ya asidi amino, miwili mizito yenye uzito wa dalton 50,000 hivi kila mmoja, na miwili myepesi yenye uzito wa dalton 25,000 hivi kila mmoja. (Dalton moja ni karibu sawa na uzito wa atomu moja ya hidrojeni.) Ncha za panda ndizo zinazoshika antijeni, na ndizo zinazotofautiana kutoka kingamwili moja hadi nyingine. Mpini hubaki karibu ule ule kwa kingamwili zote za kundi moja.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi darasani ni kwamba kingamwili haishiki protini nzima. Inashika kipande kidogo cha uso wake, pengine asidi amino 5 au 6 tu zilizofuatana, au zile ambazo katika mnyororo ziko mbali mbali lakini mkunjo wa protini umezikutanisha. Kutokana na hayo mambo mawili hufuata. Kwanza, protini mbili tofauti zikiwa na kipande kinachofanana, kingamwili moja huweza kuzishika zote mbili. Pili, protini ikibadili mkunjo wake, kingamwili iliyokuwa ikiishika huweza kuiacha. Sehemu kubwa ya kisa kinachofuata imejengwa juu ya mambo haya mawili.

Mfano ulio karibu na kila mtu ni kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika katika zahanati. Ndani ya ukanda wake kuna kingamwili iliyotandazwa katika mstari, inayoshika protini iitwayo HRP2 ya kimelea Plasmodium falciparum, na kingamwili nyingine iliyobebeshwa punje ndogo mno za dhahabu, ambazo ndizo zinazouonyesha mstari huo kwa rangi nyekundu. Mstari wa pili, ule wa uthibitisho, hausemi lolote juu ya mgonjwa. Unasema tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Huko Eritrea walionekana wagonjwa wenye malaria ambao ukanda ulisema hawana, kwa sababu vimelea vyao vilikuwa vimepoteza jeni ya HRP2, hata nchi hiyo ikalazimika kubadili aina ya kipimo mwaka 2016. Kingamwili hiyo haikukosea. Iliulizwa kama HRP2 ipo, ikajibu kwamba haipo.

Kutoka sungura hadi hibridoma

Kwa miaka mingi njia ya kupata kingamwili ilikuwa moja. Protini iliyosafishwa ilidungwa katika mwili wa sungura au mbuzi, na baada ya majuma kadhaa damu yake ilitolewa na seramu ikatengwa. Seramu hiyo huwa ni mchanganyiko. Ndani yake zimo kingamwili za aina nyingi zinazoishika protini iliyokusudiwa, kila moja mahali pake, pamoja na nyingine zote ambazo sungura alikuwa nazo tangu kabla ya kudungwa sindano. Zaidi ya hayo, sungura akifa seramu yake imekwisha, na sungura wa pili, hata akidungwa protini ile ile, hatatoa mchanganyiko ule ule. Maabara mbili zikitofautiana katika matokeo, haikuwa rahisi kujua kama zimetofautiana katika sayansi au katika sungura.

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, waliokuwa wakifanya kazi katika mji wa Cambridge, Uingereza, walitangaza njia ya kuondokana na shida hiyo. Kila limfosaiti B hutengeneza kingamwili ya aina moja tu, lakini ikitolewa mwilini hufa baada ya siku chache. Kwa upande mwingine, seli za mayeloma, ambayo ni saratani ya seli za jamii hiyo hiyo, huishi na kugawanyika katika chupa bila kikomo. Wataalamu hao waliziunganisha seli za wengu wa panya aliyekwisha kuchanjwa na seli za mayeloma ya panya, wakapata seli chotara iitwayo hibridoma, yenye maarifa ya mzazi mmoja na maisha marefu ya mzazi wa pili.

Namna ya kuzichagua seli chotara inafaa kuelezwa kwa ukamilifu, kwa maana ni mfano mzuri wa fikra za kijenetikia. Seli ina njia mbili za kupata malighafi ya kutengenezea DNA: kuitengeneza upya, au kuiokota na kuitumia tena ile iliyokwisha kutumika. Mayeloma iliyotumika ilikuwa imepoteza kimeng'enya kimoja cha njia ya pili. Chakula cha seli kilitiwa aminopterini, dawa inayoziba njia ya kwanza. Mayeloma isiyoungana na kitu haikuwa na njia yoyote, ikafa. Limfosaiti isiyoungana ilikuwa na njia ya pili, lakini ikafa kwa kuwa maisha yake ni mafupi. Chotara peke yake ndiyo iliyobaki. Seli hizo zikatenganishwa moja moja, kila moja ikaachwa izaliane katika kishimo chake, na kingamwili zitokazo katika kila kishimo zikawa za ukoo mmoja, zinazofanana kabisa. Ugunduzi huo haukuwekewa hataza. Köhler na Milstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne.

Mstari usiotarajiwa

Protini inayojulikana kuliko zote katika utafiti wa saratani iligunduliwa na kingamwili zisizokusudiwa kuitafuta. Kiini cha jambo kilikuwa virusi vya nyani viitwavyo SV40, ambavyo huweza kuzigeuza seli za panya zikawa za saratani. Ilijulikana kwamba kazi hiyo hufanywa na protini ya virusi iitwayo antijeni T kubwa, na maabara nyingi zilikuwa zikiichunguza.

Njia iliyotumiwa ilikuwa hii. Seli zililishwa asidi amino yenye salfa nururishi, ili kila protini mpya ibebe alama ya mnururisho. Kisha zilipasuliwa, na katika majimaji yake ikatiwa seramu yenye kingamwili za antijeni T. Kingamwili zilivutwa chini pamoja na chochote zilichokishika, na mengine yote yakaoshwa. Kilichobaki kilichemshwa pamoja na sabuni, kikapitishwa katika jeli kwa nguvu ya umeme, ambapo protini ndogo hukimbia mbele na kubwa hubaki nyuma. Mwishowe jeli ililazwa juu ya filamu ya eksirei, na kila protini nururishi ikajiandika kama mstari mweusi.

Antijeni T ilionekana mahali pake, karibu na dalton 90,000. Lakini chini yake palikuwa na mstari mwingine, karibu na 53,000. Mtafiti mvivu angesema kwamba ni uchafu. David Lane na Lionel Crawford wa London hawakusema hivyo. Walikuwa na seramu ya sungura aliyedungwa antijeni T iliyosafishwa, nayo vilevile iliuleta mstari huo. Kwa hiyo maelezo ya maana yalikuwa kwamba kingamwili ilishika antijeni T, na antijeni T yenyewe ilikuwa imekamatana na protini nyingine ndani ya seli. Walitangaza hayo mwaka 1979. Mwaka huo huo Daniel Linzer na Arnold Levine huko Marekani walionyesha kwamba protini hiyo imo hata katika seli za saratani ya kiinitete cha panya zisizo na virusi kabisa, maana yake ni protini ya seli yenyewe. Kikundi cha New York kiliikuta katika uvimbe wa panya uliosababishwa na kemikali, na Wafaransa nao waliiona. Njia zilikuwa mbalimbali, na zote zilifika kwenye mstari mmoja.

Protini hiyo ikaitwa p53 kwa sababu ya uzito wake. Jina hilo, kwa kweli, ni la makosa. Hesabu ya asidi amino zake 393 inatoa uzito wa dalton 43,700 hivi. Sehemu yake moja yenye prolini nyingi huichelewesha ndani ya jeli hata ikaonekana nzito kuliko ilivyo. Makosa yaligunduliwa, jina likabaki.

Protini moja, sura mbili

Baada ya jeni yake kupatikana katika miaka ya 1980, ilionekana kwamba p53 ikiingizwa katika seli pamoja na jeni nyingine iitwayo ras, seli hugeuka kuwa za saratani. Kutokana na majaribio ya mwaka 1984, p53 iliwekwa katika orodha ya jeni zinazoleta saratani, nayo ilikaa humo kwa miaka mitano. Lakini matokeo hayakupatana. Nakala ya jeni kutoka maabara moja iligeuza seli, na ya maabara nyingine haikuzigeuza.

Hapa kingamwili za ukoo mmoja zilitoa msaada ambao seramu ya sungura isingeweza kuutoa. Kingamwili iitwayo PAb246 ilishika p53 ya panya iliyo kamili, lakini nyingi kati ya zile nakala zilizogeuza seli haikuzishika. Mkunjo wa protini ulikuwa umebadilika. Mwaka 1989 ilidhihirika kwamba nakala hizo zilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na kwamba p53 iliyo nzima haileti saratani bali huizuia. Kikundi cha Levine kilionyesha jambo hilo katika seli za maabara. Kikundi cha Bert Vogelstein kilionyesha kwamba katika saratani ya utumbo mpana wa binadamu jeni hiyo hupotea au huharibika. Ilikuwa sawa na kumtia mlinzi hatiani kwa kosa la mwizi aliyevaa sare yake. Mwaka uliofuata Lane na wenzake walieleza habari za kingamwili nyingine, PAb240, ambayo mahali pake pa kushika pamejificha ndani ya p53 iliyokunjwa sawasawa, na hujitokeza pale tu protini inapofumuka kwa kasoro.

Hata hivyo PAb240 ina mtego wake. Protini ikichemshwa kwa sabuni, mkunjo wote hufumuka, uwe mzuri au mbaya, na kingamwili hiyo huishika p53 yoyote. Katika seli isiyochemshwa inauliza swali moja. Katika jeli inauliza swali jingine. Wasiojua hili wametumia chupa moja kwa kazi mbili na kushangaa majibu yakigongana.

Leo inajulikana kwamba karibu nusu ya saratani za binadamu zina kasoro katika jeni ya p53. Baadhi ya kasoro hizo huonyesha hata chanzo chake. Mwaka 1991 vikundi viwili viliripoti kwamba saratani za ini kutoka Qidong, China, na kutoka kusini mwa Afrika mara nyingi zina badiliko lile lile katika asidi amino ya 249, na sehemu zote mbili watu hula nafaka au karanga zenye sumukuvu, yaani aflatoksini. Kwa nchi zinazohifadhi mahindi na karanga katika unyevu, hili si jambo la mbali.

Rangi juu ya kioo

Mbali na jeli, kingamwili hutumika kupaka rangi kipande chembamba cha nyama ya mgonjwa kilichobandikwa juu ya kioo cha hadubini. Kingamwili ya kwanza hushika protini inayotafutwa. Ya pili, iliyotengenezwa katika mnyama mwingine, hushika mpini wa ile ya kwanza, nayo imebeba kimeng'enya kinachoacha rangi ya kahawia mahali hapo. Kwa kuwa mpini ni ule ule, kingamwili moja ya pili yatosha kwa mamia ya kingamwili za kwanza. Njia ya karatasi, ambapo protini huhamishwa kutoka katika jeli hadi juu ya karatasi ya nitroselulosi na kuguswa na kingamwili hapo, inatumia kanuni hiyo hiyo. Hiyo huitwa njia ya Magharibi, na jina hilo lina mzaha ndani yake: mwaka 1975 Edwin Southern alibuni njia ya kuhamisha DNA ikaitwa kwa jina lake, ambalo kwa Kiingereza lina maana ya kusini, na waliomfuata wakaendelea na pande nyingine za dunia.

p53 iliyo nzima huishi kwa muda mfupi sana katika seli, kama dakika 20, kwa sababu huamuru kutengenezwa kwa protini MDM2 ambayo huivunja. Iliyoharibika mara nyingi hushindwa kutoa amri hiyo, hivyo hurundikana, na kiini cha seli ya saratani huchukua rangi nzito. Lakini si kila kasoro huirundika. Ikiwa jeni imekatwa kabisa, hakuna protini wala rangi.

Kuna protini nyingine ambayo rangi yake huamua matibabu moja kwa moja, nayo ni HER2 ya saratani ya matiti. Tangu mwaka 1998 dawa iitwayo trastuzumabu, ambayo yenyewe ni kingamwili, imeidhinishwa Marekani kwa wagonjwa ambao uvimbe wao una HER2 nyingi. Kipimo kikisema HER2 ni nyingi wakati si nyingi, mgonjwa hupewa dawa ghali isiyomfaa na inayoweza kuudhuru moyo. Kikikosea upande wa pili, hunyimwa dawa ambayo ingemsaidia. Na kosa huweza kuanza kabla kingamwili haijafunguliwa. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani unataka kipande cha nyama kitiwe katika formalini ndani ya saa 1 baada ya kukatwa, kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72. Kipande kilichosafiri katika basi siku nzima kikiwa ndani ya maji ya chumvi kimekwisha kuharibika, hata kikipokelewa na maabara bora namna gani.

Kingamwili inapodanganya

Wagonjwa wa saratani mara nyingi hupungukiwa na damu, na homoni iitwayo erithropoietini huongeza chembe nyekundu. Mwaka 2003 matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa 351 wenye saratani za kichwa na shingo yalionyesha kwamba waliopewa homoni hiyo pamoja na tiba ya mionzi walipata damu zaidi, lakini saratani yao iliendelea upesi kuliko ya wasiopewa. Swali zito likazuka: je, seli za saratani nazo zina kipokezi cha homoni hiyo? Maabara nyingi zilipaka rangi vipande vya uvimbe, zikaona kahawia, zikajibu kwamba ndiyo. Mwaka 2006 Steve Elliott na wenzake waliichunguza kingamwili iliyokuwa ikitumiwa sana. Mstari uliodhaniwa kuwa kipokezi ulikuwa mahali pa dalton 66,000, ilhali kipokezi chenyewe ni chepesi zaidi. Na protini iliyoshikwa ilikuwa HSP70, ambayo hupatikana kwa wingi katika seli za kila aina. Hilo halikufuta madhara yaliyoonekana kwa wagonjwa. Lilifuta maelezo yake, na wagonjwa walikuwa bado wanangoja jibu.

Hilo halikuwa tukio la peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walizipima kingamwili 13 za kipokezi cha estrojeni cha aina ya beta, ambacho kiliandikwa sana katika habari za saratani ya matiti. Moja tu ndiyo iliyoshika kile ilichodai kushika. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya kingamwili 614 zinazouzwa, kwa ajili ya protini 65 zinazohusu mfumo wa neva, na zaidi ya nusu zilishindwa katika matumizi angalau mamoja. Jina lililobandikwa juu ya chupa ni dai la muuzaji. Halijawa ushahidi.

Ushahidi hupatikana kwa njia iliyo rahisi kueleza ingawa ni ghali kutekeleza: kingamwili ijaribiwe katika seli iliyo na protini hiyo, na katika seli ile ile ambayo jeni ya protini hiyo imeondolewa. Mstari ukibaki palepale katika seli isiyo na jeni, kingamwili haifai. Kwa p53 maumbile yenyewe yamesaidia, kwa sababu zipo seli za maabara kama Saos-2, zilizotokana na saratani ya mfupa, ambazo hazina kabisa jeni iliyo nzima ya protini hiyo wala protini yenyewe. Seli za MCF-7 zina p53 ya kawaida, kidogo. Seli za A431 zina p53 yenye kasoro, tena nyingi.

Mwalimu aweza kuliweka darasani swali lifuatalo. Maabara imenunua kingamwili mpya ya p53 na kuijaribu kwa njia ya karatasi. Katika A431 umeonekana mstari mzito mahali pa 53,000. Katika MCF-7 mstari hafifu mahali hapo hapo. Katika Saos-2 hapana mstari mahali hapo, lakini seli zote tatu zina mstari mwingine mahali pa 70,000. Je, kingamwili hii yafaa kwa njia ya karatasi, na je, yafaa kupaka rangi vipande vya nyama juu ya kioo, mahali ambapo uzito wa protini hauonekani? Kisha maabara hiyo hiyo, ikitumia kingamwili nyingine iliyothibitishwa, imepaka rangi kipande cha uvimbe wa mgonjwa. Seli za saratani hazikuchukua rangi hata moja, ilhali seli za mishipa ya damu iliyo jirani zimechukua rangi hafifu. Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba p53 ya uvimbe huo ni nzima kwa kuwa haikurundikana. Wanafunzi waseme kama wanakubaliana naye, na zile seli za mishipa ya damu zina ushahidi gani juu ya jambo hilo.